Siri ya Barua na Haki ya Jirani

Katika mila zetu hakuna nyumba, hata kama imeezekwa nyasi na mlango wake ni wa mabua, ambayo mtu aweza kuiingia pasipo kupiga hodi. Aingiaye bila hodi huhesabiwa kuwa mwizi au mwendawazimu. Na ajabu ya hodi ni kwamba haimzuii mgeni, maana mwenyeji aghalabu hujibu karibu kabla hata hajajua ni nani aliyefika. Basi faida yake ni nini? Faida yake ni kile kitambo kifupi kilichopo kati ya hodi na karibu. Katika kitambo hicho mwenye nyumba hupata nafasi ya kuwa mwenye nyumba: hujifunga shuka vizuri, hufuta uso wenye machozi, hufunika chungu kilicho kitupu, au hunyamaza kimya ili mgeni apite zake. Katika insha hii nataka kuuliza kama barua nayo yastahili hodi, na kama yastahili, ni nani atakayeitikia, iwapo mwenyewe yuko shambani na bahasha imelala mikononi mwa jirani.

Wako watakaosema kwamba hili ni suala la gundi na kufuli, si la insha. Atakaye kulinda barua yake na aifunge vizuri, na aogopaye macho ya jirani na anunue sanduku la posta. Maneno hayo yafaa mjini. Lakini mimi nimezaliwa na kukulia kusini, na sioni kuwa yanatosha, kwa sababu huko barua haijapata kusafiri peke yake.

Tuichukue Nalasi. Iko kusini mwa Tunduru, katika Mkoa wa Ruvuma ambao makao yake ni Songea. Ni nchi ya korosho na mpunga, nchi ya Wayao na Wamakua na wengine wengi waliochanganyika nao, wala haiko mbali na ule mto uliotupa jina la mkoa na mpaka wetu na Msumbiji. Katika nchi yetu, kwa miaka mingi, barua haikumfuata mtu mlangoni. Mtu ndiye aliyeifuata barua kwenye sanduku. Na kwa kuwa mkulima wa Nalasi hakuwa na sanduku lake mjini Tunduru, aliazima la mwingine: la shule ya msingi, la chama cha ushirika, la msikiti, au la mwenye duka aliyekwenda mjini mara kwa mara kuchukua bidhaa. Hivyo juu ya bahasha kulikuwa na majina mawili, jina la mwenye barua na jina la yule ambaye barua ilipita kwa hisani yake. Kutoka posta ilipanda gari la abiria katika mfuko wa utingo, ikashukia dukani, ikalala juu ya kaunta kati ya sabuni na viberiti, ikapewa mtoto wa shule aendaye upande ule, na mtoto akaiacha kwa jirani kwa sababu mwenyewe hakuwapo. Hesabu, ndugu msomaji, ni mikono mingapi. Wote hao ni majirani. Mwenye barua hawezi kujikinga na jirani, kwa maana bila jirani barua yenyewe haimfikii.

Na mambo hayakuanza na posta. Kabla ya Wajerumani kufungua posta zao za kwanza pwani mwaka 1890, na matarishi wao kuanza kukata mapori kwa miguu, Wayao walikuwa wamekwisha zoea njia ndefu za misafara baina ya ziwa Nyasa na pwani, na waliojua kuandika waliandika kwa herufi za Kiarabu, na waraka ukaenda katika kilemba au katika kikunjo cha nguo ya mtu aliyeaminiwa. Katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, viongozi wa Wangoni walimwandikia barua Mataka, mkuu wa Wayao aliyekuwa ng'ambo ya Ruvuma, wakimwomba msaada dhidi ya Wajerumani na kumsihi ugomvi wa zamani usahauliwe. Barua ile leo twaisoma katika vitabu vya historia, sisi ambao hatukuandikiwa. Sijui kama wale mashujaa wangelipenda tuisome. Nadhani wangelipenda; lakini adui alipoisoma haikuwa sawa na sisi kuisoma, ingawa maneno ni yale yale. Tuliweke hilo akilini, maana litatufaa mbele.

Baada ya hapo zikaja zama za vibarua. Vijana wa kusini walikwenda kukata mkonge Tanga na Lindi, wengine wakavuka hata kufika machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, na nyuma wakabaki wazazi na wake wakingoja bahasha. Na ndani ya bahasha, mara nyingi, kulikuwa na noti iliyokunjwa ndani ya karatasi ya rangi ili isionekane ikiinuliwa kwenye mwanga wa taa. Noti hiyo ndiyo iliyowafundisha watu ufundi wote wa kufungua barua za wenzao: mvuke wa birika, wembe uliopitishwa chini ya gundi, na ule uongo uliozoeleka kwamba barua ilichanika njiani.

Lakini si noti peke yake. Ingelikuwa ni noti tu, tungelisema huu ni wizi na tukamaliza. Yupo jirani afunguaye barua ambayo ajua haina hata senti. Huyu ndiye anayenishughulisha. Anachokitaka ni kujua. Ataka kujua kama kijana ameoa huko aliko, kama ule ugonjwa umepona, kama mke anayesifiwa kijijini kwa uvumilivu ameandikiwa talaka. Akishajua, hana haja ya kuiba kitu kingine, kwa kuwa amekwisha chukua kilicho kikubwa. Kesho yake atakuja kukopa, na mama aliyeletewa fedha hataweza kusema sina, kwa sababu asomaye macho ya jirani ajua kwamba jirani ajua. Au atatoa pole kabla ya kuambiwa habari. Au atacheka katika ngoma, mahali ambapo hakukuwa na kichekesho.

Hapa yabidi tuseme juu ya kusoma. Mwaka 1967, kwa makadirio ya serikali, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe na katika magodauni ya ushirika, na mwaka 1975 ukafanywa mtihani wa taifa. Hata ilipofika 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua wamebaki wapata 10 katika kila 100. Kazi ile ilikuwa kubwa, na heri ingeendelea kwa moto ule ule. Mara nyingi nimesikia ikisifiwa kwa sababu iliwawezesha watu kusoma maelekezo ya mbolea na vibao vya zahanati. Ni kweli. Lakini waulize akina mama wazee waliopita katika madarasa yale ni jambo gani la kwanza walilolitamani, na wengi watakuambia: kusoma barua ya mwanangu mwenyewe, bila kumwita mtu.

Maana kabla ya hapo ilibidi aitwe mtu. Aliitwa mwalimu, au mtoto wa darasa la nne, au karani wa mizani, naye akasoma kwa sauti, na waliokuwa ukumbini wakasikia. Msomaji huyo si mpelelezi. Ameitwa. Ameambiwa karibu. Na hapo ndipo naona tofauti ambayo watu wengi huikosa wanapozungumza juu ya siri. Hudhani kwamba siri ni jambo lijulikanalo na mtu mmoja tu, na kwa kuwa barua ya mama asiyejua kusoma lazima ijulikane na wawili au watano, husema kwamba mama huyo hana siri, na basi jirani akichungulia hakuharibu kitu. Hili ni kosa la hoja. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, wala mtungi haukosi siri kwa kuwa kata huingia ndani. Siri ni ile habari ambayo mwenyewe ndiye achaguaye wa kuisikia. Mama aliyemwita mwalimu amechagua. Aliyefungua kwa mvuke wa birika amemnyang'anya mama kuchagua kwake, na kwa mtu asiyejua kusoma kuchagua huko ndiko mamlaka pekee aliyokuwa nayo juu ya barua yake.

Twaweza kuipima hoja hii kwa jambo gumu kuliko yote, nalo ni tanzia. Tuseme barua imetoka kambi ya mkonge, imeandikwa na rafiki wa kijana, na msomaji aliyeitwa, baada ya mistari miwili ya salamu, ayaona macho yake yakitangulia kwenye maneno ya msiba. Mama ameketi mbele yake akitabasamu. Desturi yetu haimruhusu mtu mmoja, tena kijana, kumtupia mama kifo cha mwanawe usoni. Huitwa wazee, huitwa wanawake majirani wakakaa karibu, maji yakawekwa tayari, ndipo likasemwa. Je, msomaji afanyeje? Nimewahi kusikia wakisifiwa wasomaji walioendelea kusoma salamu za uongo hadi mwisho wa karatasi. Mimi sipendi uongo huo, ingawa naielewa huruma yake. Naona aliyefanya vyema zaidi ni yule aliyeikunja karatasi na kusema kwamba barua hii yataka isomwe mbele ya wazee. Hakudanganya, wala hakuua. Mama alijua, na bado hakujua, na katika kitambo kile majirani walifika. Kitambo hicho ni kile kile cha hodi.

Sasa mweke mahali pake yule aliyeifungua bila kuitwa. Naye ameyaona maneno yale yale. Afanye nini? Akisema, atajulikana kuwa amefungua. Akinyamaza na kuibandika tena, atakuwa amekula chakula pamoja na mama huyo jioni ile, amemsikia akipanga kumtunzia mwanawe karanga, naye anajua. Ameutwaa msiba usio wake na hana njia ya kuurudisha. Wako waliolewa pombe kwa sababu ya barua za watu. Basi hata kwa faida ya jirani mwenyewe bahasha ingefaa ifungwe. Lakini hilo ni la pembeni.

Ndugu mmoja aliwahi kuniambia, nasi tukiwa tumeketi barazani baada ya kazi, kwamba mawazo haya ya siri ya mtu binafsi ni ya kigeni. Kwetu, alisema, mambo yote yalikuwa ya wote, na ujamaa wenyewe ulikuwa na maana gani kama si hiyo? Maneno haya hupendeza masikioni, na nimeyasikia kwa watu wenye elimu kuliko mimi. Lakini hayasimami. Kwetu, huko kwa Wayao na Wamakua, mtu mzima hafanywi mtu mzima ila kwa siri. Yafunzwayo jandoni hayasemwi nje ya jando, na ya unyago hayasemwi mbele ya wanaume. Kungwi akiyatoa, ameuvunja ukungwi wake. Mganga hasemi nani alikuja usiku. Wazee wakitoka kusuluhisha ndoa hawasimulii dukani walichokisikia chumbani. Jamii iliyokuwa na siri nyingi namna hiyo, kila moja na mlinzi wake, yawezaje kuitwa jamii isiyojua siri? Kilicho kigeni ni kufuli. Siri ni yetu.

Na ujamaa nao tusiusingizie. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilinena juu ya njia kuu za uchumi: ardhi, viwanda, mabenki. Halikusema kwamba moyo wa mtu utaifishwe. Miongoni mwa ahadi za mwana-TANU ilikuwamo ahadi ya kusema kweli na kuikataa fitina, na fitina chakula chake ni habari za watu zilizopatikana kwa mlango wa nyuma. Tena operesheni ya vijiji, iliyoshika kasi miaka ya 1973 hadi 1976, iliwatoa watu waliokuwa wakiishi mbalimbali mashambani ikawaweka katika nyumba za mistari, ukuta kwa ukuta. Mtu aliyezoea jirani wa mwendo wa nusu saa alijikuta akisikia kikohozi cha jirani usiku. Umbali ulipopungua, hodi ilibidi ifanye kazi kubwa zaidi, kwa sababu sasa hodi peke yake ndiyo iliyobaki kuwa umbali. Sidhani kwamba tulilifikiria hilo vya kutosha wakati ule. Tulihesabu nyumba na visima.

Iko hoja nyingine iliyo nzito zaidi, wala sitaki kuipita kwa wepesi. Nalasi iko mpakani. Tangu mwaka 1964 hadi 1974, ndugu zetu wa FRELIMO walipokuwa wakipigana na Wareno, ukanda ule wote ulikuwa nchi ya wakimbizi, wapiganaji na wapelelezi. Mjumbe wa nyumba kumi aliwajibika kuuliza mgeni ni nani na ametoka wapi. Na kwamba posta yaweza kubeba kifo, hilo twalijua kwa uchungu: tarehe 3 Februari, 1969, Dkt. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa mjini Dar es Salaam kwa bomu lililotiwa ndani ya kitabu kilichomfikia kama kifurushi cha posta. Aliyefungua alikuwa ni mwenyewe, kwa mkono wake. Mtu aweza kuuliza: kama angalikuwapo jirani mpekuzi, je, asingaliokoka?

Najibu kwamba kukagua ni kazi, na kazi ina mwenyewe. Askari akifungua kifurushi kwa amri iliyoandikwa, yuko mtu wa kuulizwa kwa nini amefungua, na akikuta ni khanga na sukari atavifunga na kuvipeleka. Jirani achunguliaye barua ya talaka hana wa kumwuliza, na alichokikuta hakipeleki polisi bali kisimani. Aliyejivika koti la ulinzi ili ajue mke wa fulani ameandikiwa nini, hakulinda mpaka wowote. Katiba yetu nayo yaitofautisha kazi na udadisi. Katika mabadiliko ya mwaka 1984 yaliyoingiza haki za binadamu ndani ya Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16 ilimpa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa katika maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Kisha ikaiachia mamlaka ya nchi kuweka kwa sheria utaratibu wa namna haki hiyo iwezavyo kuingiliwa, bila kuiharibu. Zingatia kwamba maskani na mawasiliano yametajwa pamoja. Waliotunga maneno yale waliiona nyumba na barua kuwa kitu kimoja, kama nilivyoanza kusema juu ya hodi.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na miaka mingi nimepita mbele ya mlango wa masijala ya siri. Huko jalada lina rangi yake na mhuri wake. Bahasha huingia ndani ya bahasha nyingine. Ufunguo una mtu wake na mtu huyo amekula kiapo. Na tangu mwaka 1970 iko sheria ya usalama wa taifa yenye adhabu kali kwa atoaye nyaraka za siri. Sisemi kwamba hayo ni mabaya. Nchi isiyotunza karatasi zake haidumu. Lakini nimekuwa nikijiuliza, nikiyatazama yale makabati ya chuma, kwamba kama serikali yenye polisi na mahakama huona haja ya kuficha waraka wake namna hiyo, ni nani amwambie mjane wa Nalasi kuwa yeye hana cha kuficha? Kabati lake yeye ni dhamiri ya jirani. Hana jingine.

Watu hawakukaa bure. Walijilinda, na katika kujilinda waliitengeneza barua ya Kiswahili ikawa kama tuijuavyo. Nani asiyezijua barua zile ambazo nusu yake ni salamu: mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu, wasalimie fulani na fulani na wote wanaoniulizia? Wageni huzicheka. Husema Mswahili huandika kurasa mbili pasipo kusema neno. Mimi naona kwamba salamu zile ni ukumbi wa barua. Aliyeandika alijua kwamba barua yake itasomwa mbele ya watu, na huenda itasomwa njiani na asiyeitwa, basi akajenga ukumbi mpana wa kuwakalisha wote. Kisha, baada ya ama baada ya salamu, akaweka mstari mmoja wa chumbani. Na mstari huo nao ulifungwa kwa fumbo. Yule mbuzi uliyeniachia ameanza kuchechemea: jirani akisoma ataona mbuzi, lakini mama ajua kwamba mwanawe hakuacha mbuzi. Wengine waliingiza neno la Kiyao katikati ya Kiswahili, wengine wakarudi kwenye herufi za Kiarabu pale ambapo waliosoma shule hawakuzijua. Wengine waliipeleka habari nusu kwa barua na nusu kwa mdomo wa msafiri, hata aliyeipata nusu moja hakupata kitu. Sisi watungaji wa mashairi twajisifu kwa mafumbo yetu, tukidhani tumeyarithi kwa washairi wa pwani tu. Huenda sehemu yake tumeirithi kwa vibarua wa mkonge waliokuwa wakiwaogopa watu wa dukani. Hata khanga, ukiifikiri, ni barua isiyo na bahasha: humsema jirani mbele ya watu wote, na mwenyewe tu ndiye ajuaye kuwa ni yeye.

Lakini ulinzi wa namna hiyo una gharama. Barua nyingi zilifupishwa zikabaki ukumbi mtupu. Vijana waliandika kwamba ni wazima, na hawakuwa wazima. Wake waliokuwa na neno la kusema hawakulisema kwa miaka, kwa sababu mwandishi wao alikuwa shemeji. Wanaokusanya historia ya wafanyakazi wetu wakizipata barua hizo leo watalalamika kwamba hazina habari. Habari zilizuiliwa na jicho la jirani kabla hazijaandikwa.

Ni kwa sababu hiyo naithamini sana ile mali tuliyopewa mwaka 2002, ilipochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam: barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, tangu mwaka 1931 hadi 1958. Ndani yake twamkuta mshairi wetu mkuu, ambaye naye alikuwa karani wa serikali, si juu ya mimbari, bali katika shida za siku kwa siku. Mtu aweza kusema: je, sisi tuzisomao si wale wale majirani wapekuzi? Aliyeandika alifariki mwaka 1962 na hakuulizwa. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Lakini kitabu hicho hakikutoka kwa mwizi. Kilitoka kwa aliyeandikiwa, aliyezitunza karatasi zile miaka na miaka, akaona mwenyewe saa ambayo taifa lingeweza kuzisoma pasipo kumwumiza mtu. Alipiga hodi kwa niaba yetu, na yeye mwenyewe akatuitikia.

Siku hizi bahasha ni chache. Shirika la Posta, lililobaki peke yake baada ya lile la Posta na Simu kugawanywa kuanzia mwaka 1994, husafirisha zaidi vifurushi na barua za maofisi. Na mwaka 2022 nyumba zetu zilipewa namba na barabara zikapewa majina katika operesheni ya anwani za makazi, labda kwa ajili ya barua ambazo watu hawaandikiani tena. Habari za mwana hufika kwa simu ya mkononi. Fedha nayo haikunjwi ndani ya karatasi. Tangu mwaka 2008 hupita katika simu hiyo hiyo, na ili kuitoa yatakiwa ile iitwayo namba ya siri. Mimi neno hilo hunifurahisha. Neno siri, ambalo ndugu yangu wa barazani alisema si letu, sasa limo mfukoni mwa kila mkulima wa korosho.

Ila mambo ni yale ya zamani. Mama mzee ambaye macho yamefifia, au ambaye kisomo cha mwaka 1975 kimemtoka kwa kukosa la kusoma, ujumbe ukiingia humwita kijana wa jirani. Kijana husoma kwa sauti, huona salio, hutajiwa namba ya siri mbele ya watu watatu, na mara nyingine huisoma na barua nyingine iliyokuwa chini yake, ambayo hakuambiwa aisome. Bunge lilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika mwaka 2023. Ni sheria njema. Yawabana wenye makampuni, maofisi na wakusanyaji wa taarifa. Kijana wa jirani, akiwa juu ya mkeka chini ya mkorosho, haimfikii, na sidhani yafaa imfikie. Nchi ambayo polisi huitwa kwa sababu ya ujumbe uliosomwa mkekani itakuwa imepoteza kitu kingine kikubwa.

Kinachoweza kumfikia ni kile kilichomfikia msomaji wa tanzia: mafunzo ya nyumbani. Watoto wetu hufundishwa kuamkia, kupokea mzigo wa mzee, kutokula hadi wakubwa wanawe. Sijaona mahali wanapofundishwa namna ya kumsomea mtu. Kwamba uketi ubavuni mwake na si mbele yake; kwamba uulize kwanza kama asome sasa au baadaye, hapa au ndani; kwamba usome uliloonyeshwa na usishuke chini; kwamba ukimaliza umrudishie chombo mkononi mwake kabla hujasema neno; na kwamba ukiulizwa kisimani mama fulani ameletewa nini, jibu ni kuwa amesalimiwa. Haya si mambo ya kigeni wala hayahitaji bajeti. Yangeweza kuingia katika mafunzo ya jando na unyago, na katika masomo ya uraia kwenye shule zetu za msingi, karibu na yale ya bendera na nembo ya taifa.

Wakati huohuo wazee hujifanyia siasa yao wenyewe, kama walivyofanya siku zote. Ukikaa nao utaona kwamba hawana msomaji mmoja. Ujumbe wa fedha husomewa na huyu, ujumbe wa mkwe na yule, na ule wa ugonjwa hupelekwa kwa muuguzi wa zahanati ambaye hana ukoo kijijini. Huyo jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye simu yake ina mwanga mzuri na macho yake ni mazima, haitwi. Mama huifunga simu katika pindo la khanga, hupita mbele ya mlango wake asubuhi, humpa salamu zote, humwulizia watoto na korosho, kisha huendelea na safari yake hadi kwa yule aliyemchagua.